Choo Kimoja kwa Wakwe Wawili

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mama yangu alifariki kwa ugonjwa wa kifua, baba akaoa mwingine, na mimi nikatolewa shule nikiwa darasa la tatu. Hapo ndipo shida zilipoanza. Sitazisimulia zote, maana kila mtu wa umri wangu huku Shinyanga anazo zake na nyingi zinafanana. Nilipalilia pamba za watu. Niliolewa mapema, nikaachika mapema, nikabaki na binti mmoja mgongoni. Nikaenda naye Bugarama enzi zile kila mtu anachimba kwa sururu yake. Nikaponda mawe kwa nyundo mpaka kucha zikaisha, halafu nikagundua kwamba mchimbaji anaweza kukosa dhahabu mwezi mzima lakini hawezi kukosa chakula siku mbili. Nikainjika sufuria. Wali, maharage, dagaa. Sikuinuka pale kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nasema haya ili ajulikane aliyejenga gesti ninayotaka kuieleza ni nani. Hakuna mume aliyechangia tofali. Hakuna mbunge aliyekuja kukata utepe. Kiwanja cha Nyasubi nilikinunua wakati watu wa Kahama mjini wanapaita porini, na walionicheka leo wanapanga vyumba vya watu jirani yangu.

Gesti niliiwaza muda mrefu. Kahama ni mji wa watu wanaopita. Kuna mnunuzi wa mchele, kuna mfugaji aliyeleta ng'ombe mnadani akachelewa kuuza, kuna fundi wa mgodini anayesubiri basi la alfajiri. Wote wanataka kitanda, neti na maji ya moto. Nikasema vyumba kumi na viwili, vyoo na bafu uani, wanaume upande huu na wanawake upande ule, ukuta katikati. Mbele nilitaka ngazi nne zenye vigae vyekundu vinavyong'aa. Huku kwetu nyumba iliyokaa chini ni ghala au banda. Nyumba ya mtu lazima ipandwe.

Sasa nieleze habari ya mkwe wangu, kwa sababu bila yeye hakuna cha kusimulia.

Binti yangu aliolewa na Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki, mtu wa kidato cha nne, mpole. Alikuwa msimamizi wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na siku moja duara likaporomoka naye akiwa ndani. Walimtoa akiwa mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini ya hapo hakuna kinachomsikia. Anatembelea kiti cha magurudumu. Mikono yake ina nguvu kuliko ya fundi wangu, na akili yake haikuguswa na lile jiwe.

Kwao na kwetu heshima ya wakwe ni moja. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Kitanda cha mkwe wangu sikikalii hata nyumba ikiwaka moto. Kwa hiyo miaka yote tumekuwa tunaongea yeye akiwa upande mmoja wa ukuta na mimi upande mwingine, binti yangu katikati anapokea na kupeleka, ingawa sote tunasikiana vizuri kabisa.

Mimi nasoma kwa kidole, neno moja moja. Yeye anasoma kwa macho. Gesti inahitaji mtu wa kukaa mapokezi, wa kuandika wageni kwenye daftari, wa kujibu barua za halmashauri. Watu wa kuajiri wapo wengi, lakini mimi nimeishi machimboni, najua mtu wa kumwachia funguo ni mmoja kati ya mia. Nikasema awe yeye.

"Mwambie mumeo," nilimwambia binti yangu, tukiwa jikoni na yeye mkwe yuko barazani, "gesti ikiisha aje akae kaunta."

"Mama anasema gesti ikiisha uje ukae kaunta."

Alisogeza kiti mpaka mlangoni. Kisha sauti kutoka barazani: "Mwambie mama, wabeja, asante sana. Nitakuja. Lakini nifike mapokezi, nifike jikoni, nifike chumba cha mgeni, nifike chooni, vyote kwa mikono yangu. Siku nitakayobebwa ndani ya kazi yangu, narudi kwetu Ushirombo. Nimebebwa vya kutosha."

Binti yangu alianza kurudia. Nikamwambia nimesikia.

Msingi niliuanza kabla ya kibali, kama wanavyofanya watu wote, na kama inavyowatokea watu wote nikaamka asubuhi nikakuta alama ya X nyekundu kwenye tofali zangu. Siku mbili baadaye akaja afisa wa majengo wa halmashauri. Nilitegemea mzee mwenye kitambi. Akaja binti mwembamba aliyevaa kofia ngumu na buti, tepu ya kupimia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunibomolea?"

"Sijaja kubomoa. Nimekuja kuhesabu."

"Kuhesabu nini? Tofali?"

"Milango."

Akafungua ramani niliyoombea kibali juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Vyumba kumi na viwili," akasema. "Mtu wa kiti cha magurudumu ataingia vingapi?"

"Ataingia vyote. Tutambeba."

"Kubebwa hakuhesabiki, mama."

Niliposikia hivyo nilishtuka, maana ilikuwa kama amekaa barazani kwangu na mkwe wangu. Lakini sikumwonyesha. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni gesti, siyo hospitali."

"Hospitali anakwenda akiumwa. Akiwa mzima na yuko safarini, alale wapi?"

Fundi wangu, ambaye hajawahi kuacha maneno yampite, akaingilia. "Sasa dada, unataka gesti nzima iwe mteremko? Wageni wakilewa si wataviringika mpaka barabarani?"

Yule binti alicheka, tena alicheka kweli. Halafu akakaa kwenye tofali akatueleza. Nilimsikiliza kwa sababu alikaa. Watu wa ofisi wengi hukuelekeza wakiwa wamesimama.

Alisema kuna mambo mawili. Jambo la kwanza ni kitu kiweje: mteremko ulale kiasi gani, mlango uwe na upana gani, chuma cha kushikia kiwe juu kiasi gani. Hayo, alisema, fundi mzuri anajifunza kwa siku moja. Jambo la pili ni vingapi, na vipi, na viko wapi. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu anajenga mteremko mzuri kabisa unaofika kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli. Mwingine anatengeneza chumba kipana, lakini choo kiko juu ya ngazi tatu. Vipimo ni sahihi na mtu wa kiti bado yuko nje.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mlango wa mbele, ule wanaopita wageni wote. Kaunta, sehemu yake moja ishushwe ili mtu aliyekaa aonane na anayemwandikisha. Chumba, angalau kimoja, na kisiwe kile kibaya cha pembeni jua linapopiga. Choo na bafu. Mahali pa kuegesha gari pamoja na lango. Na njia moja iunganishe vyote hivyo bila kukatika.

"Mteremko nitauweka nyuma," nikasema, "pale kwenye mlango wa mkaa."

"Wageni wako wengine wanapitia kwenye mkaa?"

"Hapana."

"Basi na huyu asipite kwenye mkaa."

Mchoraji wa ramani alichora upya. Mteremko ukakaa mbele, ubavuni mwa ngazi zangu nne, maana ngazi sikuziacha. Chumba namba moja kikapanuliwa mlango. Na uani, kwenye safu ya vyoo, akachora vyoo viwili vipana vya kukaa, vyenye vyuma ukutani, kimoja upande wa wanaume na kimoja upande wa wanawake. Vingine vyote vilikuwa vya kuchuchumaa, juu ya ngazi tatu, kwa sababu udongo wetu mweusi ukinyeshewa unajaa maji na shimo la choo lazima liinuliwe.

Nikaiangalia ile ramani siku nzima. Nilikuwa nimekosa stoo ya magodoro. Na mtu wa kiti ninayemjua alikuwa mmoja, tena mwanamume. Nikachukua penseli ya fundi nikakikata kile choo kipana cha wanawake. Nikaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: STOO.

Ofisini, yule binti afisa aliiona kabla hajakaa.

"Mama, umekata kimoja."

"Kimoja kimebaki."

"Kwa gesti ndogo kama hii ninaweza kukubali kimoja kitumiwe na wote, kikiwa na mlango wake. Lakini hicho kimoja ndicho cha chini kabisa. Chini ya hapo sikupi kibali. Juu ya hapo ni akili yako."

"Akili yangu inasema kimoja."

"Usihesabu vyoo, mama. Hesabu watu watakaovihitaji."

"Nimeshahesabu."

Akagonga muhuri. Nikatoka pale najisikia mshindi. Fundi alinisubiri nje na pikipiki, nikamwambia, "Wamesoma, lakini hawajui kubana matumizi."

Gesti ikapanda. Ikapauliwa, ikapakwa rangi ya maziwa. Uani niliwajengea binti yangu, mumewe na watoto wao chumba na sebule, sakafu iko sawa na ardhi, hakuna kizingiti. Mimi nikachukua chumba upande wa pili wa uani, na nyumba yangu ya zamani nikapangisha.

Siku waliyohamia, mkwe wangu aliikagua gesti. Nilisimama jikoni nyuma ya pazia nikawa namsikiliza. Magurudumu yalipanda mteremko, yakaingia mapokezi, yakazunguka nyuma ya kaunta, yakatoka. Yakaingia chumba namba moja, yakageuka mle ndani bila kugonga kitanda. Yakaja uani, yakapanda mteremko mdogo wa choo. Mlango ukafungwa. Baada ya muda maji yakamwagika, mlango ukafunguliwa. Binti yangu alikuwa nyuma yake muda wote, amekunja mikono kifuani, hajagusa kiti hata mara moja.

"Mwambie mama," alisema akiwa nje ya pazia, "nimefika kila mahali."

"Mwambie mumeo nimesikia."

Wiki tatu kabla ya siku tuliyopanga kufungua, nilianguka.

Nilikuwa nafuta vile vigae vyekundu vya ngazi zangu. Vilikuwa vimelowa, na mimi nina tabia ya kushuka huku natazama nilichofuta. Mguu ukatangulia. Nilipigiza nyonga kwenye ngazi ya mwisho na nikasikia mlio ambao sitaki kuusimulia. Hospitali walipiga picha wakasema mfupa wa nyonga umepata ufa. Wakanipa fremu ya chuma ya kutembelea, ile ya miguu minne. Muuguzi alikuwa mkali kama mimi.

"Bibi, usipande ngazi. Usichuchumae. Miezi mitatu."

"Usichuchumae? Na chooni?"

"Choo cha kukaa, bibi. Huna kwenu?"

Nikamwambia ninacho. Tena nilisema kwa majivuno, nadhani. Njia nzima kurudi Nyasubi ndipo nikaanza kufikiri ninacho kipi. Upande wa wanawake kulikuwa na vyoo viwili vya kuchuchumaa juu ya ngazi tatu, na stoo iliyojaa magodoro. Choo cha kukaa kilikuwa kimoja, na aliyekuwa anakikalia ni mkwe wangu.

Mtu ambaye si wa kwetu atasema choo ni choo. Shimo la kuchuchumaa, sawa, mtu anasimama juu yake anaondoka. Lakini kile cha kukaa ni kiti. Nyama ya mkwe wangu imegusa pale. Mimi nisiyekaa mkeka mmoja na yeye, nikakae pale?

Nikamwambia binti yangu alete ndoo chumbani.

"Mama, choo kipo. Hatua ishirini."

"Nitakaa alipokaa mumeo?"

"Nakisugua kwa dawa kila siku."

"Hata ukikichemsha."

Alileta ndoo. Nimelala chini ya turubai na wachimbaji sitini wanakoroma, nimezaa nikiwa peke yangu na kibatari, sikuwahi kuona aibu kama ya ile ndoo. Kumwangalia mwanangu mwenye miaka arobaini anaibeba amegeuza uso. Nikapunguza maji ya kunywa. Chai ya asubuhi nikaacha. Midomo ikakauka, kichwa kikauma.

Jirani yangu, mama mmoja wa kwaya mwenye ulimi, alikuja kuniona na mayai.

"Wewe si ndiye ulikuwa unaoga bwawani Bugarama?" akasema. "Leo unaogopa kiti cha choo?"

"Wachimbaji wa Bugarama hawakuoa binti yangu."

"Basi mkwe akupe mbuzi. Wapo wanaofanya hivyo. Mbuzi na kanga, aibu inaondoka, mnazoeana."

"Nizoeane naye chooni? Kula mayai yako."

"Nimekuletea wewe, uongeze nguvu za kubishana."

Siku ya tano nilijikongoja na fremu mpaka uani kuota jua. Nikapita karibu na kile choo kipana. Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Ndoo ya maji imejaa, na juu ya maji kuna vumbi. Nikamwita binti yangu.

"Mumeo anaumwa?"

"Haumwi."

"Mbona choo kikavu?"

Akainamisha kichwa. "Hakiingii tangu ulipotoka hospitali. Anasema hawezi kukaa pale huku mama mkwe wake anakaa kwenye ndoo. Amekuachia wewe."

"Lakini mimi sikitaki!"

"Naye hakitaki."

"Sasa nani anakitumia?"

Alifikiri kidogo. "Mimi," akasema, "mara moja moja."

Kwa hiyo katika ua mzima, aliyekuwa anakitumia ni mwenye miguu miwili mizima. Ningecheka kama nyonga ingeniruhusu.

"Na yeye anakwenda wapi?"

"Kituo cha mafuta."

Kituo cha mafuta kiko ng'ambo ya barabara ya lami. Malori ya mchele na ya mgodini yanapita pale bila kupunguza mwendo. Mkwe wangu alikuwa anashuka mteremko wangu mzuri, anapita kando ya barabara kwenye kokoto, anavuka, anakwenda kuomba choo cha wateja kwa watu wasiomjua. Mara mbili kwa siku. Na alikuwa amepunguza kula, kama mimi. Tulikuwa tunashindana kufa njaa kwa heshima.

Bado sikuamua. Nasema ukweli. Nilidhani miezi mitatu itapita.

Siku ya saba ikanyesha. Udongo mweusi wa Kahama ukilowa unashika gurudumu kama mkono wa mtu. Alikwama kwenye ukingo wa lami, gurudumu moja limezama, lori likapiga honi nyuma yake. Waendesha bodaboda wawili wakamwinua, mmoja makwapani na mmoja magotini, wengine wakabeba kiti. Walimleta hivyo hivyo mpaka mapokezi ya gesti ambayo yeye ndiye msimamizi wake, matope yanadondoka kwenye sakafu mpya, wateja wa duka la jirani wanatazama. Nilikuwa jikoni. Alisema tu "asanteni" kwa wale waendesha bodaboda.

Jioni binti yangu alikuja na macho mekundu. "Anasema tunakwenda Ushirombo kwa wazazi wake. Kesho kutwa. Mabegi ameshanifungisha."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi ni mke wake, mama. Na watoto ni wake."

Nilichukua fremu yangu nikaenda mpaka kwenye ukuta wa sebule yao, kwa nje, chini ya paa, maana mvua ilikuwa bado. Dirisha lilikuwa wazi. Binti yangu akasimama mlangoni, mahali pake pa siku zote.

"Mwambie mumeo, kazi ya gesti haijamshinda. Kwa nini anaondoka?"

"Mama anasema..."

"Mwambie mama nilisema nikibebwa naondoka. Nimebebwa."

"Mwambie mumeo choo chake kipo. Nani alimfukuza?"

"Mwambie mama hakuna aliyenifukuza. Mama yuko kwenye ndoo. Nitaingiaje?"

"Mwambie asiiangalie ndoo yangu!"

"Mwambie mama siiangalii. Naisikia."

Binti yangu akaweka mikono kichwani. "Mimi nimechoka," akasema. "Semeni wenyewe. Hakuna mtu atakayekufa." Akaingia ndani kwa watoto.

Tukabaki na ukuta. Mvua inapiga bati. Nilidhani ataondoka dirishani. Badala yake akasema, moja kwa moja, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu aoe: "Mama."

"Ndiyo, baba."

"Ile ramani iliyochorwa upya niliisoma mimi. Ulimtuma binti yako aniletee niangalie. Kulikuwa na vyoo viwili vipana. Iliporudi na muhuri nikaona kimoja, na kingine kimeandikwa stoo, kwa mwandiko wako."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mkwe amwambie mama mkwe wake habari za choo? Ningeanzia wapi?"

Nilisimama pale nimeshika fremu. Alikuwa sahihi. Angeniambia ningemwona hana adabu, ningemsema kwa jirani mwezi mzima. Mtu pekee aliyejua kusoma ile karatasi, na aliyejua kwa mwili wake maana yake, alifungwa mdomo na heshima ninayoidai mimi mwenyewe.

"Nipe siku kumi," nikasema.

"Za nini, mama?"

"Za fundi."

Alifunga dirisha. Lakini kesho kutwa yake hawakuondoka. Mabegi yalikaa mlangoni, na siku hizo zote yeye alikuwa anakwenda kituo cha mafuta na gari ya jirani, na mimi nikabaki na ndoo. Magodoro tuliyahamishia chumba namba kumi na mbili. Fundi aliingia stoo na nyundo.

"Bosi," akasema, "si ulisema wasomi hawajui kubana matumizi?"

"Vunja."

"Navunja. Nauliza tu."

Alipanua mlango, akaweka choo cha kukaa, akachimbia vyuma ukutani, akamwaga zege la mteremko upande wa wanawake. Kuvunja kitu kilichokwisha kupigwa plasta kunachukua siku nyingi kuliko kukijenga mwanzoni. Ukuta ulipasuka mahali ambapo hatukutegemea, bomba likahamishwa. Siku kumi zikawa kumi na tatu. Siku ya kumi nilimtuma binti yangu akamwambie mumewe zege halijakauka. Jibu likarudi: "Mwambie mama zege lisiharakishwe."

Yule binti afisa alikuja kukagua kabla ya kutupa ruhusa ya kufungua. Alinikuta na fremu, nimesimama juu ya mteremko mpya. Akaangalia ramani, akaangalia uani, akaangalia ramani tena.

"Mama, umeongeza kimoja."

"Nimehesabu upya."

"Kwani mwanzo ulimsahau nani?"

"Mimi."

Hakucheka safari hii. Alipima mlango kwa tepu, akapima chuma, akaniambia chuma cha kushoto kimekaa juu kidogo kwa mtu mfupi kama mimi. Fundi akakishusha akinung'unika.

Siku hiyo niliingia kwenye choo changu kwa miguu yangu na fremu yangu, nikafunga mlango, nikakaa. Nilipotoka nikasikia magurudumu yanapanda mteremko wa upande wa pili wa ukuta. Hatukusalimiana. Mabegi yakafunguliwa, nguo zikarudi kabatini.

Tulifungua gesti wiki iliyofuata. Mgeni wa kwanza kulala chumba namba moja hakuwa na kiti cha magurudumu. Alikuwa mfugaji mzee kutoka vijiji vya huko Geita, amekanyagwa na ng'ombe mnadani, mguu una plasta mpaka pajani. Baada yake alikuja mama mjamzito aliyekaribia kujifungua, akauliza kama kuna choo cha kukaa. Mkwe wangu alimjibu toka kaunta kwamba vipo viwili, achague. Wiki nyingine hakuna anayekiuliza kile chumba, nampa mtu yeyote, naye analala vizuri kama wengine. Mlango mpana haumfukuzi mtu mwenye miguu.

Nyonga ilipona, si sana. Kuchuchumaa sijaweza tena na daktari anasema nisijaribu. Mimi na mkwe wangu bado tunaongea kupitia ukutani. Binti yangu amekataa kurudi katikati, kwa hiyo tunaongea wenyewe, kila mtu upande wake. Nimeona haina shida.

Leo nina kiwanja Nyasubi, chenye hati. Nina gesti ya vyumba kumi na viwili, vitanda kumi na viwili, magodoro kumi na saba. Vyoo sita, viwili vya kukaa. Mabafu manne. Nyumba ya zamani yenye vyumba vitatu, ina wapangaji. Eka sita za mpunga njia ya kwenda Bugarama. Ng'ombe tisa, wanachungwa na mpwa wangu. Pikipiki moja, injini imekufa. Jokofu moja, televisheni mbili. Masufuria makubwa manne ya biashara, siyatumii, siyauzi. Viti vya plastiki ishirini na vinne, viwili vimevunjika.